Wadudu Hawa Si Wangu, Nilikuja na Mguu Tu

Chumba cha Peke Yake,
Mwisho wa Wodi ya Upasuaji, Upande wa Wanaume,
Morogoro.

Kwa Ndugu Mganga Mfawidhi,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi marahaba, nimeshaitikia, tusipotezeane muda.

YAH: KUOMBA HOSPITALI ICHUKUE WADUDU WAKE ILI MIMI NIRUDI KWETU NA MGUU WANGU

Kichwa cha habari umekiona, kimekaa hapo juu, sina haja ya kukirudia.

Mimi ni Stambuli Abeid, mkulima wa karafuu, mdalasini na ndizi huko milimani upande wa Kinole. Shule sikwenda. Nilikwenda kisomo cha watu wazima jioni tisa, nikaacha, kwa sababu mwalimu alikuwa ananifundisha mambo ya zamani ambayo mimi mwenyewe nilikuwepo yakitokea, na tulikuwa hatuelewani nani amkosoe mwenzie. Kwa hiyo naandika ninavyosema. Na nasema vizuri, uliza mtu yeyote kuanzia Mkuyuni kwenda juu. Ukisikia watu wanacheka kwenye jamvi la msiba, ujue Stambuli amefika.

Kwenye faili langu mmeandika kwamba nilianguka. Naomba parekebishwe. Mimi sijaanguka tangu nizaliwe. Tawi la mkarafuu ndilo lililoanguka, mimi nililisindikiza. Nina miaka sabini na tatu na nilikuwa kileleni mwa mti ambao vijana wa siku hizi wanauogopa wakiwa bado wapo chini yake. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, mfupa ukachungulia nje kuona kulikoni. Wanaume sita wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wapi pana utelezi. Mara mbili hawakunisikiliza, mara mbili tukaenda chini wote saba.

Daktari wenu kijana, anaitwa Amani, akaniunga kwa vyuma. Kazi safi. Na vyuma sina neno. Neno langu ni wadudu, na nimelipanga kwa namba ili usije ukasema mzee anapayuka.

1. Wadudu ni mali ya hospitali.

Siku naingia, mapokezi waliandika vitu vyangu kwenye karatasi: shati moja, kikoi kimoja, kofia moja, bakora ya mpingo moja, tochi moja haina betri. Wadudu hawakuandikwa. Karatasi ninayo. Siku ya saba mguu ukavimba, ukawa mwekundu, ukaanza kutoa usaha, homa ikanipanda mpaka nikaongea Kijerumani, na Kijerumani sikijui. Ndipo nikaambiwa nina wadudu. Na Daktari Amani kwa kinywa chake akasema wadudu wa aina hii wanapatikana mahospitalini, kule mlimani ni nadra kuwakuta.

Umeona mwenyewe. Kitu kimekutwa hospitalini, ni cha aina ya hospitali, hakimo kwenye orodha ya mgonjwa. Ni cha nani? Mablanketi yenu yana mhuri, na mtu akijaribu kutoka na blanketi mlinzi anamrudisha getini. Sasa nashangaa, blanketi lililotoboka mnalilinda namna ile, mdudu aliyewashinda madaktari wote hawa mnataka niondoke naye bure.

Ushahidi mwingine huu. Kwenye wodi ya kwanza, ile ya watu wengi, palikuwa na bomba, na juu yake tangazo lenye picha ya mikono inanawa. Kwenye picha maji yalikuwepo. Kwenye bomba hayakuwepo. Na kila asubuhi madaktari wanafunzi walipita kitanda kwa kitanda kama siafu waliosikia kuna harusi, huyu anabonyeza hapa, yule anabonyeza pale, wanatoka kwenye kidonda cha jirani wanakuja kwenye changu. Nikawahesabu, kumi na wanne. Mikono ishirini na nane, Mganga Mfawidhi. Sisemi ni wao. Nasema nimehesabu.

2. Wadudu wenyewe wana dharau, kwa sababu wamesoma kunizidi.

Walichukua usaha wangu wakaupeleka maabara kuuotesha. Mimi nimeotesha karafuu, nimeotesha mdalasini, nimeotesha hata vanila iliyowashinda wenzangu. Kuotesha usaha sijawahi kusikia. Na ukaota! Baada ya siku tatu Daktari Amani akaja kunisimulia mavuno. Anasema wadudu wanamwagwa kwenye kisahani, halafu vinawekwa vidoti vya dawa, dawa nane, kila kidoti na dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, wadudu hawasogei karibu, panabaki duara tupu kama kiwanja cha ngoma. Wangu mimi walizisogelea dawa saba wakakaa nazo kama mbuzi waliopewa chumvi. Ya nane peke yake ndiyo iliyopata kiwanja.

Nikamuuliza haya yote wamejifunzia wapi. Akasema wanakutana na dawa mara kwa mara, wanaizoea, halafu wanafundishana wao kwa wao. Jina lake ni usugu. Kumbe ni wanachuo! Mimi nina jioni tisa za kisomo, mdudu ana digrii saba, amekaa kwenye mguu wangu anakula bure na wala hadaiwi mkopo. Napendekeza wahamishiwe Mzumbe, wakakae na wasomi wenzao. Au pale Mazimbu, pale panafaa zaidi, pamewahi kukaa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, watu ambao hawakukubali kushindwa, watapazoea upesi.

3. Nimefungiwa kama mhujumu uchumi.

Baada ya mavuno hayo nikahamishiwa chumba hiki. Mlangoni pamebandikwa karatasi nyekundu, na sakafuni pamechorwa mstari mwekundu. Askari wa zamu ni Sista Winfrida, mtu wa Mgeta, mfupi, ana sauti ndogo ambayo haijawahi kurudia neno mara mbili. Anayeingia anapaka dawa mikononi, anavaa joho la plastiki, anavaa glovu. Akitoka anavua vyote na kunawa upya. Mgeni mmoja mmoja, robo saa. Kukaa kitandani marufuku. Kunigusa marufuku.

Sasa sijui wewe ni wa wapi, lakini sisi Waluguru mgonjwa hatumwangalii kama picha ya ukutani. Anashikwa. Unamshika paji la uso, unamshika palepale panapouma, unasema pole, ndiyo pole inaingia. Pole ya mlangoni inaishia mlangoni. Halafu ukoo wetu, lukolo kwa Kiluguru, unafuata upande wa mama, kwa hiyo dada yangu Hidaya, mwenye miaka themanini na mmoja, kwangu mimi ndiye serikali. Serikali imetoka mlimani, imepanda bodaboda, imepanda gari, imefika hapa imechoka. Sista Winfrida akampokea: "Shikamoo bibi. Mikono kwanza."

Dada Hidaya akamuuliza, "Mikono yangu ina nini, wakati mikono hiihii ndiyo iliyombeba huyu mgongoni mpaka akaota meno?" Sista akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo maana nataka kuinawisha mwenyewe, bibi. Ni mikono yenye historia." Akamnawisha mpaka kwenye viwiko. Na dada akacheka. Mimi nilitegemea apigane.

Akaja mtani wangu Yohana, wa Matombo. Ukoo wake na wangu zinataniana tangu mababu, na mtu akiumwa kazi ya mtani ni kuja kumtukana mpaka aone aibu apone. Hiyo ni dawa ya zamani na mpaka leo haijapata usugu. Basi akavalishwa joho, akazibwa barakoa, akanitukana robo saa nzima, sikuambulia neno hata moja. Nilikuwa naona macho tu yanacheka. Matusi yaliyotoka Matombo kwa nauli yake mwenyewe yamepotelea kwenye kitambaa. Hapo nadai fidia.

4. Heshima yangu kwa wageni imeuawa.

Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Amekuja na ndizi, anaondoka na mihogo. Amekuja na maneno tu, anaondoka japo na kipande cha muwa. Sasa kule wodi ya kwanza nilitembelewa, sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: wageni arobaini na mmoja ndani ya siku nne. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaazima wangu. Na mimi hospitalini nina nini cha kuwapa? Shuka lina mhuri. Nilichokuwa nacho ni bahasha ya vidonge vya rangi mbili, niliyopewa nimeze asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba.

Nikameza siku mbili. Maumivu yakatulia. Mtu mwenye akili zake maumivu yakitulia anaendelea kumeza ya nini, ulafi? Nikaanza kutoa. Mwenye kikohozi kimoja. Mwenye jino kimoja. Mwenye kuku wanaosinzia viwili, akawatilie kwenye maji. Asiyeumwa kitu naye kimoja, akaweke akiba, maana ugonjwa haupigi hodi. Vilipokaribia kuisha nikawa navifungua, naugawa ule unga kwenye vipande vya gazeti, wakanyunyizie vidonda. Hakuna aliyetoka mtupu. Mlimani sasa hivi wananiita Bohari.

Daktari Amani aliponiuliza habari za vidonge nikamweleza ukarimu huu wote, nikitegemea anishike mkono. Akakaa chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Mzee Stambuli, mdudu ukimpa dozi nusu hujampiga. Umempa mazoezi."

Nikamwambia wale wa siku mbili za mwanzo niliwapiga wakalala chini, na sisi kwetu mtu akishalala chini huendelei kumpiga. Akasema huyu unaendelea, siku zote saba, hata akiomba radhi. Nikamuuliza basi na hawa wa sasa ni wa nani, wangu niliowafanyisha mazoezi au wenu wa bombani? Akanijibu kama mtu mwaminifu, namsifu kwa hilo: hajui. Anasema pengine walitoka kwenye kitanda, pengine kwenye mikono yao wenyewe, pengine kwenye mikono ya wageni wangu, na dozi niliyoikatiza ikawaachia uwanja. Mganga Mfawidhi, tuelewane. Daktari akisema hajui, na mimi nikisema najua, yupi asikilizwe?

Tangu siku hiyo kila kidonge, hata cha maumivu, nakimeza mbele ya Sista Winfrida. Kisha anasema, "Fungua mdomo, baba. Inua ulimi." Nami nainua. Ulimi huu unaoalikwa misiba mitatu kwa mwezi! Na ile dawa ya nane yenyewe haimezwi, inaingia kwa dripu mara tatu kwa siku, kwa hiyo hata nikitaka kumkirimu mgeni sijui nimkingie kwenye nini.

5. Bendeji.

Nimekatazwa kuifungua. Kule wodi ya kwanza kila jioni niliifungua, nikaonyesha, nikaifunga, na aliyetaka kugusa vyuma aligusa. Maana hadithi ya mkarafuu bila kidonda inakuwa umbea. Hili ni dogo, napita.

6. Mguu.

Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Jumanne ya wiki iliyopita Daktari Amani alikuja peke yake, bila siafu wake, akavuta kiti. Daktari akisimama una malaria. Daktari akivuta kiti, kaa vizuri. Akaniambia ile dawa ya nane ndiyo ya mwisho waliyonayo. Ni ya akiba, haitolewi ovyo, kwa sababu wadudu wakiizoea na hiyo hakuna nyingine ya kukimbilia, si kwangu tu, kwa yeyote atakayelazwa nyuma yangu. Inataka siku kumi na nne, bila kuruka hata moja. Kidonda kikikauka, mguu unabaki. Kisipokauka, wadudu watazama kwenye mfupa, watapita kwenye damu, na hapo itabidi wakate ili waokoe kilichobaki.

Kilichobaki ndiyo mimi.

Wewe pengine unakaa mjini, penye tambarare. Shamba langu limesimama wima. Ukidondosha chungwa kwangu unaliokota kwa jirani, tena jirani wa tatu. Huko kwetu hata miguu miwili haitoshi, mtu anaongezea na mikono. Mwenye mguu mmoja anakaa barazani akihesabu wanaopita, na mimi sikuumbwa kuwa wa barazani, mimi ndiye ninayehesabiwa. Siku ile sikusimulia hadithi hata moja. Sista Winfrida alinipima homa mara mbili, akidhani imerudi.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni, huzuni yenyewe inanikimbia. Nimefikiri, nimepata ufumbuzi. Leo ni siku ya tisa ya dripu. Homa hakuna. Maumivu yametulia. Mguu umesinyaa umekuwa kama mguu. Kwa hiyo nimeshapona, siku tano zilizobaki ni za nini? Mnipe ruhusa leo. Wadudu ni wenu, angalia namba moja. Ni wasomi, angalia namba mbili. Chumba wamekizoea, wana mlinzi, wana majoho, wana karatasi nyekundu mlangoni kama ofisi ya mkubwa. Wao wabaki, mimi niende. Huko nyumbani nitaosha kidonda kwa maji ya mlimani, nitanyunyizia unga wa vile vidonge vya rangi mbili, na hiyo dawa ya akiba iliyobaki mtakuwa mmeokoa, mtanishukuru.

Na kama hamtaki hivyo, na kukata ikabidi, basi mkate kwa haki: mchukue wadudu wenu, mguu mnirudishie. Hata mwenye bucha akikuuzia nyama hakupi na nzi wake.

7. Mke wangu.

Hili nilitaka nisiliandike. Mke wangu anaitwa Mwanvita, tupo pamoja miaka arobaini na minne. Amefikia kwa binamu yake hapa mjini. Kila siku anakuja na uji kwenye chupa ya chai, anasimama nje ya ule mstari mwekundu, basi. Haingii. Dada Hidaya aliingia. Yohana mwenye matusi yake aliingia. Mwanvita hata joho havai. Anamkabidhi Sista uji, ananiangalia kupitia kioo cha mlango, ananiuliza umemeza, nasema nimemeza, ananiuliza bendeji umeigusa, nasema sijaigusa, anaondoka. Nimemwambia ingia, hata dakika mbili. Anasema haruhusiwi. Kama hakukatazwa na ninyi, amekatazwa na nani?

Mkono wa mwanamke huyu ndio unaojua mguu huu unauma wapi kabla mimi sijajua. Mimi nataniwa, na mimi natania, sichukii. Ila mtu ukishamtenga na mkewe kwa mstari wa rangi, utani umezidi kipimo.

Kwa hayo yote naomba yafanyike leo, kabla ya chakula cha mchana, maana nimesikia ni maharage tena. Nipewe ruhusa. Nipewe karatasi yenye mhuri kuonyesha kwamba wadudu wamepokelewa na hospitali wakiwa hai, na idadi yao, nisije nikafuatwa mlimani kwa upotevu. Sista Winfrida apandishwe cheo apelekwe Mikese, asimame barabara kuu akague malori yanayokwenda na kutoka Dar, hakuna litakalopita na tope. Na tangazo la kunawa lipewe maji, au bomba lipewe tangazo lingine la kuomba radhi.

Nisalimie Daktari Amani, mwambie miwani yake haina kosa, anayoyaona ndiyo yaliyopo. Wasalimie wale wanafunzi kumi na wanne, kwa majina siwajui ila kwa vidole nawakumbuka mmoja mmoja. Msalimie mpishi, yeye ananijua, mimi ndiye ninayerudisha sahani na barua. Msalimie mama wa usafi, ndiye mtu pekee humu ambaye akiingia hanichomi kitu. Nyumbani kwako wasalimie wote, wakubwa shikamoo, wadogo hawajambo. Barua hii ikukute mzima, na mikono yako imekauka baada ya kunawa.

Ni mimi, mtiifu wako kuanzia kiunoni kwenda juu,

Stambuli Abeid
(Bohari)

NYONGEZA

Nilikuwa nataka kumpa mtu barua hii ailete ofisini kwako, Mwanvita akatokea na uji. Nikaona aisome kwanza, maana yeye alimaliza darasa la saba na herufi zangu anazikosoa hata kwenye orodha ya sokoni. Karatasi ya chumba hiki haitoki ovyo, kwa hiyo Sista Winfrida akaishikilia kwenye kioo upande wa ndani, ukurasa mmoja mmoja, na Mwanvita akasoma upande wa nje. Kwenye tawi la mkarafuu akatabasamu. Kwenye wadudu wa Mzumbe akacheka mpaka akajifuta kwa ncha ya khanga. Kwenye namba nne hakucheka. Kwenye namba sita, pale nilipoandika nimeshapona, akasoma mara mbili. Namba saba akaisoma, akamwashiria Sista aishushe.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kama anavyosema chumvi imekwisha:

"Hakuna aliyenikataza, baba Hafidha. Nimejikataza mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia daktari habari za bahasha, ndiyo maana unainuliwa ulimi. Na humo siingii, kwa sababu nikiingia utaniomba nikutoe, na mimi wewe sijawahi kukunyima kitu."

Akaongeza kwamba kuku waliopewa vile viwili wamekufa wote, na dada Hidaya amepita nyumba kwa nyumba na kikapu amekusanya vilivyobaki, wengine walibisha lakini serikali ni serikali. Halafu akaniuliza umemeza. Nikasema nimemeza. Akaondoka zake, na pale kwenye kioo pakabaki alama ya kiganja chake, kwa nje. Sista Winfrida alikuwa na kitambaa mkononi. Ameipita mara mbili hajaifuta.

Mganga Mfawidhi, wamekuja na dripu ya jioni. Nimewanyooshea mkono kabla hawajauomba.

Kwa hiyo barua hii uichane, namba moja mpaka namba saba. Wadudu niandikie mimi kwenye ile karatasi ya mali, chini ya tochi. La bomba tu ndilo ulibakize, hilo si la utani, wenzangu bado wamelala kule. Sista Winfrida asiende Mikese.

Na kuhusu ruhusa. Leo ni siku ya tisa, zimebaki tano. Mkinitoa hapa siku ya kumi na tatu, nitalalamika.

S. A.